Zana ni bure, mlango una mwenyewe!

Kijana mwenzangu, leo tuambizane ukweli bila kuoneana haya. Kutwa nzima simu iko mkononi. Unalipia kwa simu, unabeti kwa simu, unatongoza kwa simu, na vigogo unawasema kwa simu. Hebu nikuulize swali moja la kizushi. Katika programu zote zilizojazana kwenye hiyo simu yako, ni ngapi zimetengenezwa na kijana wa Manzese, wa Mbagala au wa Tandika? Kama jibu lako ni sifuri, basi wewe ni mpangaji ndani ya simu uliyoinunua kwa jasho lako. Nyumba ni yako, vyumba wanakaa wengine, na kodi unalipa wewe!

Zamani tulikuwa na kisingizio, tena kisingizio cha haki kabisa. Simu ya kwanza ya Android iliingia sokoni mwaka 2008 kule Marekani. Fundi aliyetaka kuitengenezea programu alitumia Eclipse, karakana ya jumla iliyobuniwa kwa kazi nyingine, ambayo Google waliibandika viraka vyao. Aliandika kwa Java, lugha yenye maneno mengi kama risala ya mkuu wa wilaya. Akibadilisha rangi ya kitufe kimoja tu, anakaa kusubiri kompyuta ijenge programu upya, iipeleke kwenye simu, kisha abonyeze mwenyewe hadi arudi pale alipokuwa. Na akitaka programu hiyo hiyo ikae kwenye iPhone, anaanza moja kwa lugha nyingine, Objective-C, tena juu ya kompyuta ya Apple tu. Kazi moja, jasho mara mbili. Mlalahoi angetoboa wapi hapo?

Lakini nyakati zimebadilika, ndugu yangu, na ole wake anayelala wakati wenzake wameamka. Mimi ni mwandishi wa kujitegemea niliyeishia sekondari, sina shahada ya kompyuta wala sitafuti kukutisha kwa msamiati. Nataka ujue mambo yalivyo, ili mtu akija kukuuzia semina ya siku mbili uwe unajua unauziwa nini.

Mwaka 2013 Google walitangaza karakana mpya, Android Studio, iliyojengwa juu ya kazi ya kampuni ya JetBrains, wale jamaa walioanzia mji wa Prague. Toleo kamili la kwanza lilitoka Desemba 2014. Inapakuliwa bure. Rudia neno hilo: bure. Hakuna kujuana na mkubwa, hakuna barua ya mjumbe.

Mwaka 2017 Google wakaikubali rasmi lugha ya Kotlin, ambayo nayo ni ya JetBrains, na mwaka 2019 wakasema hiyo ndiyo lugha wanayoitanguliza kwa Android. Ina faida gani kwako? Programu nyingi za zamani zilikuwa zikifia mikononi mwa mteja kwa sababu fundi ameagiza kitu ambacho hakipo. Ni sawa na konda kudai nauli kwenye kiti kitupu, kisha daladala nzima ikazimika katikati ya barabara! Kotlin inamkamata fundi mapema, gari likiwa bado gereji. Halafu maneno yake ni machache, na mwanafunzi anayeanza leo anaandika mistari pungufu kuliko kaka yake wa 2010.

Upande wa kuandika mara moja na kutumia kote, Facebook walitoa React Native mwaka 2015, na Google wakatoa toleo la kwanza kamili la Flutter Desemba 2018. Kwa zana hizi unaandika programu moja, inakaa kwenye Android na kwenye iPhone. Na ile adha ya kusubiri? Kwa Flutter unabadilisha mstari, unahifadhi, na kufumba na kufumbua badiliko liko kwenye simu, ukurasa uko pale pale ulipouacha. Anayejifunza anaona kosa lake papo hapo, na anayeona kosa papo hapo hujifunza haraka kuliko anayesubiri dakika tano.

Yako na mengine. Tangu 2021 ipo Jetpack Compose, ambayo fundi anaeleza ukurasa unatakiwa uonekaneje, na yenyewe inahangaika kuuchora na kuubadilisha taarifa zinapobadilika. Apple nao walishatoa SwiftUI mwaka 2019 kwa mtindo huo huo. Agosti 2021 Google Play ikaanza kudai kila programu mpya iletwe kwa kifungashio kinachowezesha duka kumpa mteja vipande vinavyoifaa simu yake tu. Wewe unaweza kuona hilo ni jambo dogo. Muulize mwenye simu iliyojaa, anayefuta picha za harusi ya dada yake ili apate nafasi, atakwambia kama ni dogo!

Na mwaka 2023 ndipo lilipoingia jipya lililowatoa watu macho. Google waliweka msaidizi wa akili bandia ndani ya Android Studio, wakamwita Studio Bot, na mwaka uliofuata wakambadilisha jina kuwa Gemini. Unamwandikia unachotaka, anakuandikia msimbo, yaani yale maagizo ambayo kompyuta huyafuata. Programu ikigoma, unamwonyesha kosa, anakueleza chanzo. Hata ukimwuliza kwa Kiswahili anakuelewa. Mwalimu wa kukaa naye saa nane usiku, asiyechoka na asiyekucheka, jambo ambalo watoto wa wakubwa walikuwa wakilipia, leo mtoto wa kabwela analipata kwa ngazi ya bure.

Basi usije ukavimba kichwa ukadhani kazi imekwisha. Msaidizi huyu ana ugonjwa wa watu wa kijiweni: neno "sijui" linamkwama kooni. Akikosa jibu anaweza kubuni, tena kwa kujiamini kama wakili. Atakupa msimbo unaofanya kazi leo mbele ya rafiki zako, kumbe umeacha namba za siri za wateja peupe. Ukitengeneza daftari la magoli ya timu ya mtaani, hasara ni kicheko. Ukitengeneza programu ya kuweka akiba za kina mama wa upatu, hasara ni machozi. Kwa hiyo msingi lazima uujue. Usipeleke kwa mteja mstari ambao huwezi kueleza unafanya nini. Fundi asiyejua anachokifunga si fundi, ni mbeba spana.

Sasa tufike kwenye kiini cha maneno yangu. Tunaambiwa kila kukicha kuwa zana zimekuwa rahisi, ulimwengu ni kijiji, kijana ajiajiri. Wanaosema hivyo wanasema nusu ya ukweli, na nusu ya ukweli ni danganya toto. Nyundo imekuwa bure, sawa. Lakini mlango wa sokoni una mwenyewe, ana funguo, na ana kitabu cha kuandikisha wanaoingia. Tuihesabu milango yenyewe mmoja mmoja.

Mlango wa kwanza uko chumbani kwako. Android Studio ni bure, lakini inataka kompyuta yenye RAM isiyopungua GB 8, na ukitaka kuwasha ile simu ya bandia ndani ya kompyuta, wenyewe wanashauri GB 16. Na siku ya kwanza tu, kabla hujaandika hata mstari mmoja, itavuta mtandaoni mizigo ya gigabaiti kadhaa. Kwa kijana wa California hiyo ni dakika chache za mtandao wa nyumbani. Kwa kijana wa Buguruni ni bando la wiki limeteketea, na umeme ukikatika katikati ya kupakua, roho nayo inakatika. Hapo ndipo "bure" inapogeuka kuwa kiini macho.

Mlango wa pili ni dukani. Kuweka programu kwenye Google Play unajiandikisha kwa dola 25, unalipa mara moja tu. Ni zaidi ya shilingi 60,000, tena kwa kadi. Apple wanataka dola 99 kila mwaka, na juu yake uwe na kompyuta yao. Haitoshi. Anayefungua akaunti binafsi ya Google Play baada ya Novemba 13, 2023 anatakiwa kwanza atafute watu wa kuijaribu programu yake kwa siku 14 mfululizo. Walianza kwa kudai watu 20, Desemba 2024 wakapunguza hadi 12. Kampuni yenye ofisi ghorofani haiguswi na sharti hilo, kwa sababu akaunti yake ni ya taasisi. Anayehangaika kuwabembeleza washikaji 12 wasiifute programu kabla ya wiki mbili ni wewe.

Mlango wa tatu ni wa pesa. Tangu 2008 Apple walikuwa wakikata asilimia 30 ya kila kitu cha kidijitali kinachouzwa ndani ya duka lao, na Google wakaenda na kiwango hicho hicho. Katika kila shilingi 1,000 ya mteja wako, 300 ilikuwa ikipanda ndege. Makelele yalipozidi, mwaka 2021 wote wawili walishusha hadi asilimia 15 kwa wadogo. Kampuni ya Epic Games ilikuwa imewashitaki mwaka 2020, na Desemba 2023 baraza la mahakama kule San Francisco likaamua kwamba Google walikuwa wamejenga ukiritimba haramu katika duka lao. Google wakakata rufaa, Julai 2025 wakashindwa. Nimekutajia kesi hii ili ujue kuwa hata kwa wenzetu, mlango haukuregezwa kwa huruma. Watu waliugonga, wakaugonga tena, wakaenda mahakamani.

Mlango wa nne ndio wa kufungulia macho. Hadi sasa Android ilikuwa na uchochoro wake: ukikosa duka, faili la programu unamrushia mwenzako kwa WhatsApp au kwa flashi, analiweka kwenye simu, maisha yanaendelea. Agosti 2025 Google walitangaza kwamba kila mtengenezaji atapaswa kujiandikisha na kuthibitisha yeye ni nani, hata kama programu yake haipiti dukani kwao. Ratiba waliyoitoa ilikuwa kuanza Septemba 2026 katika Brazil, Indonesia, Singapore na Thailand, kisha kuenea duniani kuanzia 2027. Sababu yao ni matapeli, na hapo tuwe wakweli: matapeli wapo, hata sisi wametuliza. Lakini watu wakapiga kelele, na Novemba mwaka huo huo wakasema wanafunzi na wanaojifunza watapewa akaunti nyepesi, na watumiaji wazoefu wataachiwa njia yao. Umeona? Kelele zilifanya kazi. Swali ni moja: katika kelele zile, sauti yetu ilikuwa wapi?

Mlango wa tano uko hapa hapa nyumbani, na usijifanye huujui. Mei 2025 mtandao wa X ulifungiwa nchini. Oktoba 29, 2025, siku ya uchaguzi, intaneti ilizimwa nchi nzima, ikarejea siku kadhaa baadaye. Nenda kamuulize dereva wa bodaboda anayepata abiria kwa programu, au dada anayeuza nguo kwa oda za simu, alikula nini siku zile. Tunahimizwa kujiajiri kidijitali, halafu swichi ya ajira yenyewe iko mezani kwa mtu mwingine! Hakuna chombo kipya cha Google wala cha Apple kinachoweza kutibu ugonjwa huo. Tiba yake ni ya uraia: kuuliza kwa sauti ni sheria ipi inayoruhusu kuzima biashara ya mwananchi, na nani anamlipa fidia.

Je, tukae tulie? Thubutu! Nimeihesabu milango ili tujue pa kusukuma. Yapo ya kufanya wewe mwenyewe kuanzia wiki hii, na yapo ya kudai pamoja.

La kwanza, usisubiri kompyuta ya ndoto. Achana na simu ya bandia, chomeka simu yako halisi kwa waya, washa kipengele cha watengenezaji kwenye mipangilio, programu itafungukia humo. Utaokoa RAM nyingi. Tena simu yako ya bei chee ndiyo simu ya mteja wako. Ikienda vizuri humo, itakwenda kote. Ile mizigo ya kupakua, changeni washikaji wanne, mmoja apakue, wengine mnakili kwa flashi, kisha Android Studio muiweke katika hali ya kufanya kazi bila mtandao. Zaidi ya hapo, chagueni njia moja, iwe Kotlin au Flutter, mkae nayo miezi sita. Anayebadilisha lugha kila mwezi ni sawa na anayebadilisha chuo kila muhula, hatamaliza popote.

La pili, tengeneza programu inayojua iko nchi gani. Simu ya Android ina hifadhi ndogo ya kumbukumbu, SQLite, ndani yake. Andika mauzo kwanza humo, yapeleke mtandaoni bando likipatikana. Programu inayokufa mtandao ukipotea haijatengenezwa kwa ajili ya Tandale. Kijana wa Kitanzania, Benjamin Fernandes, alipoanzisha NALA, alianza na hali hiyo hiyo: programu ya kutuma pesa za simu bila kuhitaji intaneti. Leo NALA inasafirisha pesa za watu walio Ulaya na Marekani kuja Afrika. Alianzia kwenye shida ya kwetu.

La tatu, piga hesabu ya mlango kabla ya kujenga nyumba. Ile kamisheni ya maduka inakata vitu vya kidijitali vinavyotumika ndani ya programu. Chakula, usafiri, kufua, kutengeneza friji, hivyo haviguswi. Mteja anaweza kukulipa kwa njia nyingine. Kwa kijana wa mjini hiyo ni nafasi. Badala ya kung'ang'ania kuuza mchezo kwa Wamarekani, tengeneza daftari la mwenye fremu Kariakoo au la fundi simu wa Mtaa wa Aggrey, akulipe kwa mwezi kwa pesa za simu. Tena kwa maandishi! Wapo mabosi wa mjini ambao ukiwapelekea kazi wanasema "tutakutafuta", halafu unaikuta kazi yako inatumika. Sahini kwanza, msimbo baadaye.

Na ya kudai pamoja? Sheria inazitaka halmashauri zitenge asilimia 10 ya mapato yao ya ndani kwa mikopo isiyo na riba, na asilimia 4 kati ya hizo ni za vijana. Mikopo hiyo ilisimamishwa 2023, ikarejeshwa 2024. Tunaona ikitajwa kwa bodaboda na kwa ufugaji wa kuku, na si vibaya. Sasa undeni kikundi, nendeni ofisi ya kata, muulize kwa adabu lakini kwa sauti: laptopu tatu za vijana watano ni mtaji au ni anasa? Mwulizeni diwani wenu maktaba ya umma iliyo karibu ina intaneti ya kijana kupakulia masomo, au ina magazeti ya mwaka juzi tu. Diwani asiyejibu swali hilo mwandikeni jina, 2030 haiko mbali.

Kadhalika kampuni za simu nazo ziulizwe. Kule Kenya, M-Pesa ilianza 2007 ikiwa imefungwa ndani kwa ndani, mitambo yake ilikaa Ujerumani hadi 2015. Mwaka 2017 Safaricom wakazindua njia ya wazi ya kuunganisha programu za watu wengine na M-Pesa, wakaiita Daraja. Jina la Kiswahili, kazi ya Kiswahili! Fundi anajiandikisha, anajaribu kwa pesa za mfano, akiiva anaomba kuunganishwa. Nasi tudai madaraja ya namna hiyo katika kila mtandao, yenye masharti yanayosomeka na gharama iliyotangazwa, ili kijana mwenye programu nzuri asizungushwe ofisi hadi ofisi mpaka viatu vitoboke.

Kijana mwenzangu, miaka kumi na tano iliyopita ungeniambia "sina zana" ningenyamaza. Leo siwezi kunyamaza, maana zana iko mlangoni kwako imekaa. Aliyebaki kulalamikia nyundo amelala. Na anayekuambia nyundo peke yake inatosha, huyo naye anakulaza. Jifunze usiku, na mchana uende ukagonge mlango pamoja na wenzako. Mlango ukigongwa na mmoja, mwenye nyumba hudhani ni upepo. Ukigongwa na mtaa mzima, ataamka tu, hata kama amelala usingizi wa pono.